Kisu cha Msibani

Mimi ni mwoga. Naliandika hili mwanzoni kwa sababu ninyi vijana mliobaki maabara mna mazoea ya kusema kwamba Mama Stella hakuogopa kitu, na sasa kwa kuwa nimestaafu na siwezi kuwakatiza, uvumi huo utakua. Niliogopa karibu kila siku ya kazi. Niliogopa nyoka wa kwenye migomba, niliogopa asidi, niliogopa umeme kukatika mashine ikiwa katikati ya kazi, na kuliko vyote niliogopa majibu. Mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi. Nitaandika jinsi nilivyoogopa, maana kwangu vilikwenda pamoja.

Niliajiriwa kituo cha utafiti wa mimea cha Maruku muda mfupi baada ya vita kwisha. Nilikuwa msichana wa Muleba, mtoto wa Kilutheri, mwenye cheti kipya na viatu vya kuazima. Siku ya kwanza nilikuta madirisha ya maabara yamezibwa kwa makaratasi, na katikati ya meza kuna hadubini inayonuka udongo. Fundi wa maabara, Mzee Mutalemwa, aliniambia kwamba ndege za adui zilipoanza kupita juu ya Bukoba aliifunga hadubini kwenye majani makavu ya mgomba, akaizika nyuma ya jengo na kupanda viazi juu yake ili udongo mpya usimshtaki. "Viazi vilikubali," alisema. "Lenzi moja ndiyo iliyokataa." Hakucheka, nami sikujua kama naruhusiwa kucheka. Kwa muda mrefu baada ya hapo, ndege yoyote ikipita tulinyamaza wote, mikono ikiwa hewani, mpaka iishie ziwani.

Mutalemwa alikuwa mtu mwembamba, mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa la kijivu. Kazi yake kubwa ilikuwa kunikemea. Alinifundisha kuishika sindano ya maabara kwenye moto wa spiriti mpaka iwe nyekundu kabla ya kugusa chochote, na tena baada ya kugusa. Nikisahau, alikuwa akisema, "Mikono yako ni ugonjwa mpaka uthibitishe vingine." Nyumbani nilianza kuchoma visu vya jikoni. Mama yangu akadhani nimeingia dini nyingine.

Kupima ugonjwa wa bakteria siku hizo kulikuwa kazi ya glasi na subira. Ukiletewa shina la nyanya au la kiazi linalonyauka, unalikata, unalining'iniza kwenye glasi ya maji safi na kungoja. Kama ni bakteria, uzi mweupe unashuka polepole kutoka kwenye jeraha, mfano wa maziwa. Glasi hiyo ilikuambia kwamba bakteria wapo, haikukuambia ni wa aina gani. Niliwahi kukifanya kipimo hicho huko Rubafu mbele ya mama mwenye shamba, na uzi ulipoanza kushuka aliifunika glasi kwa kiganja chake. Nilikasirika, nikamwambia anaharibu kipimo. Mutalemwa alinivuta pembeni. "Mwache," alisema. "Ameshaona."

Alikuwa na neno lingine ambalo nimelitumia maisha yangu yote, na ninyi mmelisikia kwangu mpaka mmechoka. Alisema: "Usiutazame mgomba. Mtazame aliyeugusa." Ugonjwa wa mimea hauna miguu. Una watu.

Halafu ukaja ule mwingine, wa binadamu. Mwanzoni huku kwetu tuliuita Juliana, jina la mashati ya fasheni yaliyokuwa yakipita mpakani kwa magendo, na tulidhani ni wa wafanyabiashara peke yao. Baadaye tukasema ni wa wavuvi wa visiwani. Baadaye hapakuwa na wa kumsingizia, maana kila nyumba ilikuwa na mgonjwa. Mtu alikuwa akipungua mbele ya macho yako, nanyi mnaongea habari za mvua. Ukutani mwa hospitali palibandikwa bango, Mficha maradhi kifo humuumbua. Nililichukia bango hilo, kwani nilijua watu waliotoa damu hospitali na kamwe hawakurudi kuulizia majibu, na niliwaelewa kabisa. Mimi mwenyewe nilifika mpaka kwenye lile benchi la kungojea majibu nikakumbuka kwamba nimeacha maharage motoni. Sikuwa nimeacha maharage popote.

Mutalemwa alianza kukohoa. Koti likawa kubwa. Aliendelea kunikemea kwa sauti iliyokuwa ikipungua, kisha akaomba likizo, akarudi kwao Muleba, kwenye kijiji kilicho upande wa kuelekea Kimwani, na baada ya hapo tukaitwa kuzika.

Mnajua misiba ya kwetu inavyokwenda. Mtu akifa, majirani wanaume wanafika na visu vyao, wanaingia kibanjani, ile migomba inayoizunguka nyumba, na kukata. Wanakata majani ya kukalia waombolezaji, majani ya kufunikia chakula, majani ya kutandika kaburini, na mikungu ya kulisha watu siku zote za matanga. Kaburi lenyewe linachimbwa humo humo, kati ya migomba. Hakuna anayeombwa. Kufika mikono mitupu ni kama kusema marehemu hakuwa mtu.

Siku ile watu wengi hawakuingia. Walisimama barabarani wakaulizia habari kwa mbali, kama watu wanaongoja basi. Wengine walikuwa wamechoka, maana misiba ilikuwa mingi mno, na wengine waliogopa kugusa chochote cha nyumba ile. Mimi niliingia kwa kuwa nilikuwa nimeshaonekana. Ndani ya kibanja nilimkuta mwanamume mmoja anakata majani peke yake, anayabeba, anarudi kukata. Alikuwa jirani wa marehemu, Ta Byabato, yaani Mzee Byabato. Aliuosha mwili, akatandika majani kaburini kwa uangalifu, kila jani na upande wake. Alipomaliza alikifuta kisu kwenye suruali. "Wakola, mwanangu, kwa kuja," aliniambia, akinishukuru kana kwamba msiba ulikuwa wake. Baadaye nilikuja kujua kwamba kila msiba wa kijiji kile ulikuwa wake. Pale ambapo ndugu waliishia barabarani, Byabato aliingia na kisu.

Miaka ikapita, na mnyauko ukavuka mpaka wa nchi, ukaingia kwenye migomba yetu. Ninyi mmeukuta una jina na vipeperushi, sisi ulitukuta tumelala. Majani yanalegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizipasua ndani zimeoza, na shina likikatwa linatoka usaha wa manjano. Hauna dawa. Shina likiugua, mnalong'oa lote na machipukizi yake na kulifukia. Kwa mtu wa kwetu kibanja ndicho chakula, ndicho kivuli, ndipo walipolala wazazi na watoto. Niliwahi kumwona mzee akiukumbatia mgomba wenye ugonjwa, na mtendaji wa kijiji akimbembeleza auachie.

Wakati huo tulipata mashine ya kupima kwa vinasaba. Nilikuwa mtu mzima tayari, na vijana waliokuja na mradi walinifundisha kwa upole unaoudhi. Unasaga kipande cha mgomba, unatoa vinasaba, unavichanganya na dawa zinazotambua bakteria wa mnyauko tu na si mwingine, kisha unaviweka kwenye mashine inayopasha moto na kupoza, inapasha na kupoza, mpaka kile kidogo kisichoonekana kinaongezeka. Baadaye unavipitisha kwenye jeli na kuwasha taa ya urujuanimno. Kama bakteria wapo, unaona mstari. Kama hawapo, giza. Hakuna uzi wa maziwa, hakuna kusubiri na glasi. Niliipenda mashine ile na niliiogopa kama simba, kwa sababu ilikuwa inaona hata alama ya kidole chako. Ndiyo maana niliwakataza kusagia sampuli kwenye chumba cha kuchanganyia, na ndiyo maana kila mara niliwalazimisha kupitisha kwenye mashine kibomba kimoja cha maji matupu. Maji yakitoa mstari, mashine haijaona ugonjwa, imeona uchafu wako, na majibu yote ni ya kutupa.

Sampuli zikaanza kutoka kijiji kile cha Muleba. Nilikwenda mwenyewe, kwa sababu ya Mutalemwa. Nilitembea kibanja hadi kibanja nikifuata neno lake, na kabla jioni haijafika nilikuwa nimeona kitu ambacho kilinifanya nitamani nisingekwenda. Migomba iliyougua kwanza haikuwa ya mpakani mwa kibanja wala ya kando ya njia ya mifugo. Ilianzia penye nyumba na kuelekea kaburi jipya. Kila kibanja kilichougua kilikuwa na kaburi jipya.

Kilichoumia kuliko vyote kilikuwa cha Ma Kokushubira, bibi aliyezika watoto wake watatu na kubaki na wajukuu. Wa mwisho wa watoto hao, Adventina, alikuwa amezikwa miezi michache kabla, wakati dawa za kurefusha maisha zilikuwa zinasikika redioni zaidi kuliko kupatikana hospitali. Karibu robo ya kibanja ilikuwa imelegea. Wajukuu walikuwa wakila kutoka hapo, hawakuwa na pengine. Mtendaji alitaka kuanza kung'oa mara moja, lakini bibi alikataza mtu yeyote asiguse shina mpaka aambiwe ugonjwa umeingiaje. "Nimezika sana bila kuambiwa," alisema. "Hii mtaniambia."

Nilimwambia tunaendelea kupima. Lilikuwa neno la kweli, nikajificha nyuma yake. Niliogopa, na nawaambia nilichokiogopa. Katika kijiji cha jirani mtu mmoja alikuwa amesemwa tu kwamba ndiye aliyeleta mnyauko, na nyumba yake ikachomwa. Pia niliogopa kwamba watu wakisikia ugonjwa unatembea na visu vya msibani, hata wale wachache waliokuwa wakiingia wataishia barabarani, na hakutakuwa na wa kumtandikia mtu jani.

Wiki iliyofuata Byabato alikuja Maruku. Alikuwa amezeeka, amepanda basi tangu alfajiri, na mkononi ana kitu kilichofungwa kwenye gunia. Nilijua ni nini kabla hajakifungua.

"Mwanangu, naambiwa mna mashine inayoona kisichoonekana."

"Inaona kidogo, Ta Byabato."

"Basi ione hiki."

Kilikuwa kisu chake, ubao wa mpini umepasuka, na kwenye ufa utomvu wa miaka umeganda mweusi. Nilimwambia hakuna haja. Nilimwambia akishike kwenye moto mpaka kiwe cha moto kisichogusika, au akioshe kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe, kitakuwa salama, asihangaike na vipimo.

"Nitakichoma," alisema. "Sikuulizi habari za kesho, waitu mwanangu. Nauliza za nyuma."

"Na ukijua?"

"Nikijua nitaacha kuota."

Nilikwangua ule ufa mbele yake. Mara mbili niliukosa, naye alikuwa na adabu ya kutazama dirishani. Alisema atarudi kuchukua kisu na majibu Alhamisi.

Kipimo cha kwanza kilitoa mstari kwenye kisu. Kilitoa mstari pia kwenye maji matupu. Nilishukuru Mungu kwa sauti, kijana wa mradi akanishangaa, maana hakuna fundi anayefurahia kuharibu kazi yake. Kwa siku moja nzima sikuwa na majibu, na sijawahi kufanya kazi kwa amani kama siku ile. Kisha nikafuta meza, nikabadilisha kila kitu, nikarudia. Umeme uliyumba, ukarudi. Nilipowasha taa, kibomba cha maji kilikuwa giza safi. Kisu kilikuwa na mstari, mwembamba, ulionyooka, na pembeni yake mstari wa mgomba wa Ma Kokushubira, imelingana.

Alhamisi Byabato hakuja. Ijumaa hakuja. Nilimwelewa, mimi mwenyewe niliwahi kulikimbia lile benchi la hospitali. Ningeweza kumwacha, lakini kisu chake kilikuwa mezani kwangu na watu walikuwa wanaendelea kufa, naye angeazima kingine. Nikaomba gari la ofisi.

Nilimkuta anamenya ndizi mlangoni. Aliniona tangu mbali na aliendelea kumenya mpaka nikafika. Nikamwambia. Nilimweleza pia yale ambayo nataka myakumbuke, kwa sababu mashine haisemi zaidi ya inavyojua: mstari unasema bakteria walipita kwenye kisu, hausemi kama bado wako hai, wala hausemi kisu kiliwapeleka au kiliwachukua. Huenda kilikutana na ugonjwa ambao tayari ulikuwapo.

"Wewe unaamini hivyo?" aliuliza.

Nilianza kuokota maganda ya ndizi chini, na hilo likawa jibu.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe tu. Maabara hawajui kisu ni cha nani." Nikaanza kusema haraka haraka. Nilimwambia inatosha, tutaitisha mkutano, tutawafundisha watu kuchoma visu na kutumia kisu cha nyumba yenye msiba, bila kutaja mtu. Nilimkumbusha nyumba iliyochomwa. Nilimsihi, kusema kweli.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Watachoma visu vyao, vizuri," alisema. "Na mimi nitakaaje matangani kwao, wakinipa chakula?" Akanawa mikono. "Twende kwanza kwa Kokushubira."

Sikumbuki safari nyingine fupi iliyonichukua muda kama ile. Uwanjani kwa Ma Kokushubira vijana wa kijiji walikuwa wamekaa na majembe na mapanga, wameletwa na mtendaji kungoja ruhusa ya kung'oa. Niliyawazia mapanga yale kila ubaya. Bibi alikuwa kwenye kigoda mlangoni. Byabato hakungoja kukaribishwa kiti, alichuchumaa mbele yake kama mtoto anayeamkia.

"Ma Kokushubira, ugonjwa wa kibanja chako umekuja na kisu changu. Kimepimwa. Nilikitumia kukatia majani ya msiba wa Adventina, na kabla ya hapo nilikuwa nimekatia kwingine."

Mmoja wa wale vijana akasimama. Nilijisikia nikisema kwa sauti nyembamba kwamba hatuna hakika kama kisu kiliupeleka ugonjwa au kiliuchukua, kwamba mstari hausemi hivyo, na bibi akaniinulia kiganja.

Bibi aliitazama migomba iliyolegea, kutoka mlangoni mpaka makaburini, akiifuata kwa macho mmoja mmoja. Byabato hakuinua kichwa.

"Byabato," alisema hatimaye. "Siku tuliyomzika Adventina, nani mwingine aliingia?"

Byabato aliendelea kutazama chini. Kati ya wale vijana walikuwapo ambao baba zao walikuwa wamesimama barabarani siku hiyo ya Adventina, na wawili walisimama nao. Yule aliyekuwa amenyanyuka alikaa.

"Nimekuuliza."

"Hakuna, Ma."

"Haya." Alijishika mlangoni akanyanyuka, akawageukia vijana. "Mpeni jembe. Ninyi anzeni huku nyumbani. Pale walipolala watoto wangu mwachieni yeye."